Gesi ya AC haiishi, inavuja: sheria za gesi zinavyomgusa mtu wa Kigoma

Kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua za kwanza zishuke, kulala bila feni Kigoma Mjini ni kujitesa. Chini kule Kibirizi na Bangwe upepo wa ziwa unasaidia kidogo jioni. Ukipanda Mwanga au Gungu, nyumba za tofali na bati zimekula jua mchana kutwa na usiku zinalirudisha chumbani. Miaka ya nyuma AC ilikuwa kitu cha benki, ofisi na hoteli. Tena mji ulitegemea majenereta ya dizeli, kwa hiyo hata aliyekuwa nayo aliitazama kuliko kuiwasha. Tangu mkoa uingie kwenye gridi ya taifa mambo yamebadilika, na maboksi meupe sasa yanaonekana hata kwenye nyumba za walimu na wafanyabiashara wa dagaa.

Pamoja na maboksi yamekuja maneno. Fundi mmoja anamwambia mteja gesi yake imepigwa marufuku, anunue AC mpya. Mwingine anasema gesi mpya inalipuka, bora abaki na ya zamani. Muuzaji dukani anasema zote sawa, tofauti ni bei tu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na mteja anarudi nyumbani hajui amsikilize nani.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: hakuna sheria inayokukataza kuwasha AC uliyo nayo, iwe ya gesi yoyote. Kinachobanwa ni gesi inayoingia nchini, na inabanwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Atakayeumia kwanza ni mwenye AC inayovuja, maana yeye ndiye mteja wa gesi kila mwaka.

Gesi inafanya kazi gani humo ndani

AC haitengenezi baridi. Inachukua joto la chumbani na kwenda kulimwaga nje. Anayelibeba joto hilo ni hii gesi, na siri yake ni kwamba inachemka kwenye baridi kali. Maji yanachemka yakifika nyuzi 100. R-22, gesi ya AC nyingi za zamani, inachemka kwenye nyuzi 41 chini ya sifuri. R-32, ya AC mpya nyingi, inachemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri. Kwa hiyo ikipitishwa kwenye boksi la ndani ikiwa ya maji, ule uvuguvugu wa chumba unatosha kuichemsha, na ikichemka inanyonya joto. Kompresa iliyo kwenye boksi la nje inaivuta, inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, feni inaipuliza, joto linatoka, inarudi kuwa maji, safari inaanza upya.

Njia yote hiyo ni mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Gesi haichomwi humo kama petroli, wala haichakai kwa sababu imezunguka mara nyingi. Ile iliyotiwa kiwandani inatakiwa ibaki humo mpaka siku kompresa inakufa, hata kama ni miaka kumi na tano.

Sasa sikiliza mazungumzo ambayo mtu yeyote mwenye AC mjini hapa ameyapitia kwa namna moja au nyingine:

"Mama, gesi imeisha."

"Imeisha vipi, fundi? Si ulijaza mwezi wa kumi mwaka jana?"

"Hizi ndivyo zilivyo, mama. Kila mwaka lazima iongezwe."

Hapo ndipo hela inapopotelea. Gesi haiongezwi kila mwaka kama oili ya pikipiki. Ikipungua ina mahali imetokea: nati ya bomba iliyokazwa vibaya nyuma ya boksi la nje, bomba lililosuguana na ukuta mpaka likatoboka, au koili iliyoliwa na kutu. Kigoma tuna bahati moja ambayo Dar es Salaam na Tanga hawana: ziwa letu ni la maji baridi, hewa yake haina ile chumvi inayotafuna koili. AC inayovuja hapa, mara nyingi mimi namshuku kwanza aliyeifunga.

Fundi anayejua kazi anaanza na povu la sabuni. Analipaka kwenye zile nati mbili za shaba ubavuni mwa boksi la nje, anachuchumaa, anasubiri. Mahali panapovuja povu linatoa vipovu vidogo vidogo, kimoja kinafuata kingine, polepole sana kiasi kwamba asiye na subira hataviona. Akiviona hapo, anaondoa gesi, anakata ncha ya bomba, anaitanua upya na kukaza. Gharama yake ni ndogo kuliko kujaza gesi mara mbili.

Kwa nini dunia imeingilia mambo ya gesi

Hadithi hii ina kejeli ndani yake. Friji za mwanzo zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Zilikuwa sumu, na zilipovuja usiku ziliua watu. Mwaka 1930 mkemia wa Marekani, Thomas Midgley, alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta pumzi ya gesi mpya aliyokuwa ameibuni na wenzake, kisha akaipulizia mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika na yeye akabaki mzima. Gesi isiyo sumu na isiyowaka! Dunia nzima ikaipokea kwa mikono miwili. Ndiyo familia iliyozaa R-12 ya friji za zamani, na ndugu yake mdogo R-22 ya AC.

Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba ugumu wake wa kuharibika ndio ubaya wake. Gesi hizo zinapanda juu kabisa angani bila kuvunjika, na huko jua linazipasua na kuachia klorini inayokula ozoni, ule utando unaotukinga na mionzi mikali ya jua. Mario Molina na Sherwood Rowland walitoa onyo hilo mwaka 1974. Wenye viwanda waliwabeza. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba juu ya Antaktika ozoni inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko, na miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal ikasainiwa. Tanzania ilijiunga mwaka 1993.

Itifaki hiyo imefanya kazi kuliko mikataba mingi tunayoisikia. R-12 imetoweka sokoni. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 inasema ozoni itarudi hali ya mwaka 1980 kwenye sehemu kubwa ya dunia ifikapo karibu mwaka 2040, na juu ya Antaktika karibu mwaka 2066.

R-22 ina klorini, ingawa ukali wake kwa ozoni ni kama sehemu tano au sita tu kwa mia ukilinganisha na zile za kwanza. Ndiyo maana ikapewa muda mrefu zaidi. Kwa nchi zinazoendelea ratiba yake ilianza kwa kusimamisha ongezeko mwaka 2013, ikapunguzwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 inafungwa, isipokuwa kiasi kidogo sana, wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka, kitakachoruhusiwa mpaka 2040 kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizokwisha kufungwa.

Mwenye AC ya R-22 anayesoma hapa aelewe alipo. Theluthi mbili na zaidi ya gesi iliyokuwa inaruhusiwa tayari imeondolewa.

Kigali na hesabu yake

Viwanda viliikimbia R-22 vikaja na gesi zisizo na klorini. Maarufu kwenye AC za nyumbani ikawa R-410A, mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa R-32 na R-125. Ozoni ikasalimika, lakini tatizo likahamia mlango wa pili: gesi hizi zikivuja zinashika joto la dunia kwa nguvu ya ajabu. Kilo moja ya R-410A inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. R-22 yenyewe ni 1,810. R-32 ni 675. R-404A ya vyumba vya baridi ni 3,922.

Tafsiri namba hizo kwa AC moja. Boksi la kawaida lenye kilo 0.85 ya R-410A likivuja lote, ni sawa na kutoa kilo 1,775 za hewa ukaa, yaani kuchoma zaidi ya lita 700 za petroli. Bodaboda wa Ujiji atazunguka muda mrefu sana kuzimaliza.

Tarehe 15 Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, kwa majirani zetu Rwanda, zikakubaliana kuziingiza gesi hizi nazo kwenye Itifaki ya Montreal. Marekebisho ya Kigali yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi tajiri zilitangulia kupunguza mwaka huo huo. Kundi letu sisi lilipewa nafasi: wastani wa matumizi ya 2020 hadi 2022, ukijumlishwa na asilimia 65 ya kiwango cha msingi cha gesi za kundi la R-22, ukawa msingi wa hesabu, kikomo kikawekwa mwaka 2024, halafu kupungua asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha, na ndilo litakaloamua bei dukani. Kikomo cha Kigali hakipimwi kwa kilo za gesi. Kinapimwa kwa nguvu yake ya kupasha joto. Nchi ni kama imepewa gunia moja la hewa ukaa kwa mwaka, na kila gesi inayoingia inakula nafasi yake humo. Kilo moja ya R-410A inakula nafasi ya kilo tatu za R-32. Kilo moja ya R-404A inakula nafasi ya karibu kilo sita za R-32. Mwagizaji mwenye akili, akipewa nafasi ile ile, ataleta ile inayompa mitungi mingi ya kuuza. Hakuna askari atakayehitajika kuiondoa R-410A. Hesabu itaiondoa yenyewe.

Na gunia hilo hatuligawani wenye AC peke yetu. Vyumba vya kugandishia migebuka na dagaa, majokofu ya chanjo, AC za mabasi ya Kigoma na malori yanayoshusha mizigo ya Burundi na Kongo, wote wako humo. Mabasi na magari mengi yanatumia R-134a, ambayo nayo iko kwenye orodha. Mkoa kama wetu, ambao samaki wanaharibika kwa saa chache bila baridi, una sababu ya kutaka nafasi hiyo iende kwenye chumba cha samaki kabla ya sebule ya mtu. Hayo ni maoni yangu, na mwenye sebule kubwa anaruhusiwa kukataa.

Kwa upande wa viwanda, mlango umeshafungwa mbele yetu. Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2025, hauruhusu kuingiza sokoni AC mpya ndogo ya boksi mbili, yenye gesi chini ya kilo 3, ikiwa gesi yake inazidi 750 kwa kipimo kile. Marekani, kuanzia 1 Januari 2025, iliweka kikomo cha 700 kwa AC mpya za nyumbani zinazotengenezwa au kuingizwa nchini humo. R-410A yenye 2,088 haipiti kokote kati ya hapo. Ulaya na Asia wamekimbilia R-32. Marekani wengi wamechukua R-454B, mchanganyiko wenye 466. Sisi hatutengenezi AC, tunapokea kinachotengenezwa. Viwanda vikiacha kutumia gesi fulani, vipuri vyake na mitungi yake navyo vinapungua, hata kama sheria ya kwetu bado inairuhusu.

Kuna mzigo mwingine unaokuja kwa njia hii. Soko moja likifunga mlango, mashine zilizobaki zinatafuta soko jingine. AC za mtumba na mpya za bei ya kutupa zenye R-22 au R-410A zitaendelea kuonekana. Bei yake dukani ni tamu, uchungu unakuja siku ya kutafuta gesi.

Ujue uliyo nayo

Usimuulize mtu. Nenda nyuma ya nyumba, tazama ubavuni mwa boksi la nje, kuna kibandiko cha fedha au cheupe. Futa vumbi. Utaona imeandikwa R22, R410A au R32, na mbele yake uzito, mathalani 0.85kg. Namba hiyo ya uzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana ndiyo inayomwambia fundi atie kiasi gani. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imepoa, inatosha" anakisia, na R-410A na R-32 hazitaki kukisiwa. Zinapimwa kwa mizani, mtungi ukiwa juu yake.

Ikiwa ni R-22 na inapoza vizuri, iache ifanye kazi. Safisha chujio, safisha koili ya nje kabla ya kiangazi, usiguse nati. Ikianza kuvuja, tengeneza uvujaji kwanza. Lakini siku kompresa yake ikifa, usiitie kompresa mpya. Hapo unawekeza kwenye mashine ambayo chakula chake kinaondolewa sokoni.

Ikiwa ni R-410A, usihangaike. Gesi yake itakuwepo kwa miaka ya maisha ya mashine hiyo, ila usitarajie bei ibaki ilipo.

Kabla ya kukubali kwamba gesi imepungua, fungua kifuniko cha boksi la ndani utazame chujio. Vumbi la kiangazi la Kigoma linaziba chujio kwa wiki chache tu. Likiziba, hewa haipiti, koili inaganda barafu na chumba hakipoi, dalili zile zile ambazo fundi mwenye njaa ataziita upungufu wa gesi. Dakika kumi za maji ya bomba zinaweza kukuokolea hela nyingi. Chujio likiwa safi na barafu bado inaganda kwenye bomba, na uniti za Luku zinakwenda haraka kuliko zamani, hapo ndipo uvujaji unashukiwa kwa haki.

Gesi inayowaka

Twende kwenye hofu. Ni kweli, R-32 inaweza kuwaka. Midgley alizima mshumaa, na miaka karibu mia baadaye tunarudi kwenye gesi zinazoshika moto, kwa sababu zile zisizowaka ndizo zinazokaa angani muda mrefu. Wataalamu wanaziweka kwa madaraja: R-22 na R-410A haziwaki, R-32 inawaka kwa shida na moto wake unatembea polepole, R-290 inawaka kwa urahisi. R-290 ni propani, ndugu wa karibu kabisa wa gesi tunayopikia.

Pima kwa chumba. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.8, kina hewa mita za ujazo karibu 34. Ili R-32 ikijaza chumba hicho ifikie kiwango cha kuweza kuwaka, zinatakiwa zaidi ya kilo 10. AC ya chumba hicho ina chini ya kilo moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo karibu na sakafu au karibu na tundu lenyewe inaweza kukolea kuliko wastani huo, lakini kwa chumba cha kawaida kilichofungiwa AC inayolingana nacho hatari ni ndogo. Usifunge AC kubwa ya sebule kwenye chumba kidogo kwa sababu tu ulipata punguzo.

Propani ni kali zaidi, ndiyo maana AC zake zinawekewa kiasi kidogo sana, mara nyingi karibu gramu 300 au pungufu. India zinauzwa tangu mwaka 2012. Nipime tena kwa vitu vya nyumbani: mtungi mdogo wa kupikia una kilo 6, mara ishirini ya hizo, na uko jikoni karibu na kiberiti. Madhara ya propani kwa joto la dunia ni kama sifuri ukilinganisha na zile nyingine. Friji nyingi mpya madukani nazo zinatumia gesi ya jamii hiyo, R-600a, na watu wanalala nazo chumba kimoja bila kujua.

Hatari kubwa haimkuti aliyelala chumbani. Inamkuta fundi aliye nje na kifaa cha kulehemu mkononi. Bomba lenye mabaki ya R-32 likipigwa moto linawaka, na moshi wake una asidi ya florini inayounguza mapafu. Kutafuta uvujaji kwa kushindilia hewa ya kawaida au oksijeni kwenye mfumo wenye mafuta na gesi ni kucheza na bomu. Kinachotumika ni naitrojeni kavu, basi.

Kuna ujanja mmoja ninaousikia na unaoniogopesha: kuchukua gesi ya kupikia na kuitia kwenye AC ya R-22, kwa kuwa presha zake zinakaribiana na inapoza. Ni kweli inapoza. Lakini gesi ya kupikia si safi kwa kazi hiyo, inakuja na unyevu na mchanganyiko usiojulikana. Kubwa zaidi, swichi na rilei za AC hiyo zinatoa cheche, kwa sababu aliyeibuni alijua ndani yake hakutakuwa na kitu cha kuwaka. AC ya propani imejengwa kwa propani tangu kiwandani. Vivyo hivyo R-32 haiingii kwenye AC ya R-410A, hata kama nusu ya R-410A ni R-32, na R-410A haiingii kwenye ya R-22: presha yake ni zaidi ya mara moja na nusu na mafuta ya kompresa ni tofauti.

Mitungi ya bei poa nayo ni ya kuitazama mara mbili. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka na kuua watu Vietnam na Brazil, na uchunguzi ukakuta yamejazwa gesi bandia: mtungi umeandikwa R-134a, ndani kuna kloridi ya methili, ile ile sumu ya miaka ya kabla ya Midgley, ambayo ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Gesi halali inavyobanwa, ndivyo bandia inavyopata wateja. Mwenye duka akishindwa kukuonyesha risiti ya aliponunua, muache na mtungi wake.

Fundi na vifaa vyake

Kwa maoni yangu tofauti kati ya AC za aina moja mjini hapa inatoka zaidi kwa fundi kuliko kwa gesi. Mafuta ya kompresa za R-410A na R-32 yananyonya unyevu wa hewani. Unyevu ukiingia unatengeneza asidi, asidi inakula nyaya za ndani ya kompresa, na mwaka wa pili unaambiwa "umeme wa TANESCO umeiua". Pengine kweli, kukatika na kurudi kwa umeme kunaua kompresa, na stabilaiza ina kazi yake. Ila kompresa nyingine imeuliwa siku ya kufungwa.

Mfungaji anatakiwa kuwa na pampu ya vakyumu, aiunganishe na kuiacha ivute hewa na unyevu wote kabla ya kufungua gesi, si chini ya dakika kumi na tano au ishirini kwa AC ndogo, kisha aizime na kutazama kama sindano ya geji inapanda. Ikipanda pana tundu. Enzi za R-22 wengi walizoea kufungua gesi kidogo iisukume hewa nje, wakaita kazi imekwisha. Kwa R-32 huko ni kumwaga gesi inayowaka mbele ya pua yako na kuacha unyevu ndani. Fundi akifika bila pampu, mpe nauli ya bajaji akaitafute. Aliyesomea VETA au aliyepitia mafunzo ya gesi zinazowaka hatakasirika ukimuuliza. Geji zake pia ziwe za presha ya gesi yako, kwa sababu R-410A na R-32 zinafanya kazi kwa presha kubwa kuliko ile ya R-22.

Kununua sasa au kusubiri

Wapo wanaosema R-32 nayo itaondolewa, bora kusubiri. Wana hoja. Ulaya, kuanzia 2029, kikomo kwa AC ndogo za boksi mbili kinashuka mpaka 150, na R-32 yenye 675 haitapita. Lakini ratiba hiyo ni ya Ulaya, na inahusu kuuza mashine mpya. Ratiba yetu inapunguza asilimia 10 tu mwaka huo, na R-32 ndiyo inayofaidika kwa muda kwa sababu inakula nafasi ndogo kwenye hesabu. AC unayonunua leo itakuwa imechoka kabla gesi yake haijawa adimu. Nunua R-32, yenye inveta (kompresa inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka) kama mfuko unaruhusu, ukubwa unaolingana na chumba. Ukiikuta ya R-290 yenye fundi anayeijua mjini hapa, ichukue kwa moyo mweupe. Bila fundi huyo, subiri.

Na watumishi, ambao Kigoma tunawapokea na kuwaaga kila mwaka kwa barua za uhamisho, wana swali lao: AC inang'olewaje bila kupoteza gesi? Kama haivuji, fundi anaiwasha ipoze, anafunga valvu ya bomba jembamba kwenye boksi la nje, kompresa inaivuta gesi yote kutoka ndani na kuikusanya nje, kisha anafunga valvu ya bomba nene na kuzima papo hapo, kabla haijaanza kunyonya hewa. Gesi inasafiri ndani ya boksi mpaka Sumbawanga au Singida bila kupungua. Kama inavuja, asifanye hivyo kabisa, maana kompresa itavuta hewa pamoja na gesi, na kwa R-32 mchanganyiko huo ukikandamizwa unaweza kupasua kompresa. Gesi itolewe kwenye mtungi wake maalumu kwanza. Hata AC iliyokufa itolewe gesi hivyo hivyo kabla ya kumpa mnunua chuma chakavu, ambaye anachotaka ni shaba na ataikata bomba kwa msumeno hapo hapo getini.